Shangazi, magazeti ya katuni ya mzee yameuzwa Telegram na boksi nilikabidhiwa mimi

Shangazi shikamoo.

Niko Ipagala hapa Dodoma, nina miaka 28, nilihamishwa kikazi kutoka Dar miaka miwili iliyopita na kusema ukweli mwaka wa kwanza nilikonda kwa upweke, ofisini nyumbani, ofisini nyumbani, vumbi na upepo, mpaka nilipokutana na hawa watu ninaotaka kukueleza habari zao.

Tuna kikundi cha wasomaji wa katuni. Usicheke shangazi. Sio zile za watoto za kwenye tivii, naongelea vitabu, manga za Wajapani, riwaya za picha, magazeti ya zamani, chochote chenye mchoro na stori ndani yake. Tunakutana Jumamosi saa kumi jioni pale Nyerere Square upande wenye kivuli, tuko kama kumi na nne hivi, wengi wanafunzi wa UDOM, kuna nesi mmoja mtu mzima, kuna dereva boda ambaye kwa manga anatushinda wote, halafu na watumishi kama mimi tulioletwa na serikali. Mchango elfu mbili kwa mwezi tunanunulia vitabu used vya Dar, vinakuja na mtu yeyote anayepanda SGR siku hiyo. Mi ndo katibu, yani nakaa na daftari na vitabu. Kila kikao kitabu kimoja, kila mtu dakika tatu, msimamizi ana alamu kwenye simu ikilia unanyamaza, tuliweka hivyo maana kuna watu wakianza hawamalizi.

Sasa mwezi wa pili kuna mzee alikuwa amekaa benchi la jirani akatuangalia weee mwisho akauliza, "Nyie watoto mnasoma chakubanga?" Tukacheka tu hatukujua anaongelea nini. Jumamosi iliyofuata akaja na boksi.

Shangazi sijui nikuelezeje hilo boksi. Magazeti ya Sani 63, mengi ya miaka ya 80, wahusika wake kina Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Kipepe, Madenge, vitu tulivyokuwa tunavisikia tu kwa baba zetu. Karatasi zimekuwa rangi ya chai ya maziwa, ukifungua inatoka harufu ya kabati la bibi, lakini wino bado mweusi tii na mistari ya mchoro imekaa kama imechorwa jana. Ndani ya kila jalada kuna maandishi ya penseli, jina la stesheni na tarehe, Saranda, Itigi, Kilosa, Manyoni, sijui ndo alikonunua. Kuna moja ina alama ya duara ya kikombe cha chai katikati ya ukurasa wa Lodi Lofa. Mzee ni mstaafu wa reli, alikuwa mkaguzi wa tiketi kwenye treni ya reli ya kati. Akasema boksi likae kwa katibu maana nyumbani kwake mchwa wanamshinda. Tukahesabu wote, 63, nikaandika kwenye daftari, nikasaini na yeye akasaini.

Tangu hapo kikundi kikawa cha moto, watu wapya wakaanza kuja kwa ajili ya lile boksi. Mzee naye alikuwa anakuja kila Jumamosi na kofia yake, mtu poa sana, ila stori zake ndefu. Kuna siku tulikuwa na kitabu cha Art Spiegelman, ile Maus ya Wayahudi wakiwa panya na Wajerumani paka, iliyopewa Pulitzer mwaka 1992, mzee akaanza kusimulia mambo ya treni za usiku wakati wa vita ya Kagera, sijui Dodoma stesheni sijui wanajeshi, alamu ikalia, msimamizi akamwambia mzee wetu muda, akanyamaza akakaa. Haikuwa kwa ubaya, sheria ni ya wote.

Tatizo lenyewe ni hili. Tuna kijana mmoja mzuri sana kwenye mambo ya kompyuta, tumwite Skana. Mwezi wa nne aliniomba magazeti 12 wikiendi moja tu ayapige picha tuwe na kopi, maana karatasi zinakufa hizi na kesho keshokutwa hakuna atakayeziona. Nikaona ni jambo jema, nikampa. Mzee sikumwambia, nilijua atakubali tu. Jumatatu yakarudi yote 12 nikayapanga kwenye boksi sikuyafungua.

Baada ya muda Skana akanitumia faili akasema katibu onja hii. Shangazi ilikuwa nzuri! Kurasa nyeupe pee, ameondoa madoa, ameondoa ile rangi ya chai, hata ile penseli kaifuta. Nikafurahi nikasoma mpaka saa saba usiku. Siku mbili tatu mbele nikaona tangazo lake Telegram, "Katuni za wahenga, 12 kwa buku tatu", na namba ya kulipia. Nikajua hapa kuna kitu hakijakaa sawa ila nikanyamaza kama wiki mbili hivi, ni rafiki yangu, halafu nilikuwa sijui naanzia wapi. Ameuza mara 41, ni laki moja na elfu ishirini na tatu. Ndo nikaenda kufungua boksi nikakuta yale 12 aliyatoa pini zote ili kurasa zilale vizuri kwenye mashine, kurasa za katikati zinachomoka zenyewe.

Mjukuu wa mzee anasoma hapa hapa mjini, akatumiwa lile faili na mwenzake, akamwonyesha babu. Programu ya Skana ilishindwa kufuta ile duara ya kikombe. Mzee akaijua. Akanitumia meseji moja tu, "Binti, magazeti yangu yamesafiri bila tiketi. Naomba boksi langu." Jumamosi tatu sasa hajaonekana.

Kikundi kimepasuka. Nusu wanasema Skana kafanya kazi ya maana, tumshukuru, kwani yale magazeti yanauzwa wapi siku hizi. Nusu wanataka afukuzwe leo hii. Mi nimefikiria hivi, dereva boda wetu ni mwaminifu, apeleke boksi kwa mzee pamoja na bahasha ya elfu sitini ambayo ni kama nusu ya mauzo, Skana amekubali kuitoa, halafu mi nimwandikie mzee meseji ndefu ya kuomba radhi. Je nimekosea? Na Skana tumfukuze? Na je kisheria kuna kosa kweli? Naogopa kumkabili mzee shangazi, nahisi nitalia.

Katibu, Ipagala

*

Marahaba mwanangu. Na ukilia si utafuta machozi, hujawahi kuona mtu akafa kwa kulia mbele ya mzee.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikasirika na Skana kama wewe unavyotaka nikasirike. Mara ya pili nikaanza kuhesabu. Umeniambia idadi ya magazeti, umeniambia rangi ya karatasi, harufu, wino, umenitajia stesheni nne, umenitajia mpaka duara la kikombe. Vizuri, una jicho. Halafu nikatafuta kitu kimoja tu alichowahi kusema mzee kuhusu gazeti hata moja kati ya hayo 63, kwamba hili nalipenda, hili lilinichekesha, huyu Lodi Lofa alikuwa hivi. Hakuna. Kanena mara tatu tu kwenye barua nzima, mara ya kwanza mkamcheka, mara ya pili kasema habari za mchwa, na mara ya tatu alamu ikalia.

Unaandika "sijui ndo alikonunua". Hujui! Boksi liko chumbani kwako, mwenyewe yuko kila Jumamosi amekaa mita mbili kutoka kwako na kofia yake, na hukuwahi kumuuliza, mzee hii Saranda iliyoandikwa hapa ni ya nini? Mwanangu mlipenda boksi. Mzee mlikuwa mnamvumilia ili boksi liendelee kuwepo, na mimi nadhani alishalijua hilo kabla hata Skana hajashika pini ya kwanza.

Ngoja nikwambie na hiyo chakubanga mliyomcheka. Chakubanga alikuwa mhusika wa katuni kwenye gazeti la Uhuru tangu miaka ya 60, mchoraji wake Christian Gregory, na alipendwa mpaka ikafika mahali watu wanaita katuni yoyote ile chakubanga, kama vile watu wanavyoita sabuni yoyote ya unga kwa jina la moja. Marehemu baba yangu mpaka anaingia kaburini alikuwa akiona mchoro kwenye gazeti anasema lete hiyo chakubanga. Kwa hiyo mzee alipowauliza lile swali alikuwa anawapa historia ya kitu mnachokipenda, bure, kwenye benchi, na nyie mkaona ni neno la kizee. Mimi nilikuwa naficha Sani chini ya godoro, mama akisema ni magazeti ya kihuni na yeye mwenyewe nikitoka anayachukua anasoma jikoni. Yalikuwa yanazunguka saluni, gereji, kwenye mabasi, watu wazima wenye masharubu wanagombania. Kwa hiyo ukiniambia usicheke, sicheki.

Na hapo kwenye Maus ndo umenimaliza kabisa. Unakijua kile kitabu au mlisoma picha tu? Kitabu chote ni kijana anakwenda kwa baba yake na kinasa sauti, anamwambia baba hebu niambie ilikuwaje wakati wa vita, na baba ni mbishi, ni bahili, anachosha, stori zinakatika anarudi nyuma anaanza na habari za dawa zake, na mtoto anavumilia anarekodi, ndo kikapatikana hicho mlichokaa chini ya mti mkakisifia. Siku hiyo hiyo, mkiwa na kitabu hicho mkononi, mzee wa miaka sabini na kitu anafungua mdomo aanze kusimulia vita aliyoiona yeye, akiwa kijana, stesheni iliyoko hapo karibu unaweza kwenda kwa mguu, na nyie mnamwambia muda. Nimejaribu kutafuta maneno ya upole ya kusemea hili nimekosa. Unasema sheria ni ya wote. Sheria mliitunga kwa ajili ya watu wanaorudia rudia kumsifia mchoraji wao wa manga, hamkuitunga kwa ajili ya mtu ambaye kumbukumbu zake zikiondoka hazina kopi.

Kuna kingine humo ndani ya Maus nadhani mnakikumbuka, pale kijana anapogundua kwamba baba yake alichoma madaftari ya mama yake, kumbukumbu zake zote za vita. Alikasirika sana. Sasa rudi kwenye penseli. Skana kafuta penseli maana kwake yeye ni uchafu, na wewe ukasoma mpaka saa saba usiku ukafurahi. Najua magazeti yenyewe yana penseli bado, hajafuta kwenye karatasi, ndo maana nasema bado kuna pa kuanzia. Lakini kopi inayozunguka huko mjini, hiyo ambayo eti inahifadhi historia, imeacha Ndumilakuwili peke yake ikamwondoa aliyepanda naye treni.

Haya, tuje kwenye maswali yako.

Boda hapana. Sina shida na kijana wa boda, pengine ana adabu kuliko nyie wote, lakini boksi lilitoka mikononi mwa mzee likaingia mikononi mwako na mkasainishana, kwa hiyo linarudi kwa mikono hiyohiyo. Ukimtuma mtu mzee ataelewa kwamba umeogopa, na ukweli ni kwamba umeogopa. Nenda Jumamosi saa kumi, saa ileile mliyokuwa mnakutana, waambie wenzako wiki hiyo hakuna kikao. Mchukue yule nesi mtu mzima, usiende na Skana siku ya kwanza. Najua utasema mkosaji mkubwa ni yeye. Kwa mzee mkosaji mkubwa ni wewe maana Skana hakumpa kitu, alikupa wewe. Skana ataenda siku mzee akisema aletwe, na mzee akisema hataki kumuona basi asimuone.

Usiende mikono mitupu, sukari kilo mbili inatosha, unaiacha kwa mama wa nyumba mlangoni unapopita na usiitaje tena, isije ikageuka ndo mazungumzo. Meseji ndefu futa. Mtu aliyeandika maneno tisa unamjibu na kurasa mbili, ili iweje.

Ukishakaa, mhesabie. Toa moja moja, weka juu ya meza, yeye anaona, mpaka 63. Usiharakishe, na kama anataka kufungua lolote muache afungue. Yale 12 uyaweke mwisho na useme mwenyewe kabla hajayashika, haya yametolewa pini, niliyatoa bila kukuuliza, nilijua yanauzwa nikakaa kimya wiki mbili. Hiyo ya wiki mbili ndiyo ngumu na ndiyo ambayo ungependa kuiruka, nimeona ulivyoipitisha haraka haraka kwenye barua. Usiiruke. Ataipata kwa mtu mwingine ndani ya mwezi, mji wenyewe huu sio mkubwa kiasi hicho. Na neno "lakini" liache nyumbani. Ukisema samahani mzee lakini tulitaka kuhifadhi, hiyo samahani umeshaila.

Bahasha ya elfu sitini. Hapa nisikilize vizuri maana mnataka kumwingiza mzee wa watu kwenye shida. Mzee anamiliki karatasi. Michoro na hadithi zilizomo sio zake, na sio za Skana. Gazeti lile lina watu, hata jina lake lenyewe ni la watu, Sa ya Saidi Bawji na Ni ya Nico ye Mbajo, na kuna wachoraji waliokaa wakachora kisanduku kimoja baada ya kingine. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 kazi inalindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake, kwa hiyo za miaka ya 80 hesabu mwenyewe kama zimefika. Kwamba hayauzwi tena popote haina maana kwamba yamekuwa mali ya atakayewahi. Sasa Skana kauza mali ya watu, halafu nyie mnataka kuchukua nusu ya hela hiyo mumpe mzee. Hapo mnamtoa kwenye kuibiwa mnampeleka kwenye kugawana. Mzee mwenyewe amekaa miaka yake kazini anawashusha watu wasio na tiketi, umpelekee nusu ya nauli ya mtu aliyepanda bila tiketi? Soma tena meseji yake. Hakutaja hela.

Hela inarudi kwa walionunua, wote 41, elfu tatu tatu, namba zao anazo maana walilipa kwa simu, na gharama za kutuma anatoa mfukoni kwake Skana. Aliyenunua akisema hataki, mwambie Skana amtumie tu. Tangazo lifutwe na faili lifutwe. Najua yaliyokwisha kwenda hayarudi, mtu kashamtumia shemeji yake Mwanza, lakini duka linafungwa. Na wewe lile faili ulilopewa la kuonja ulifute pia, ndiyo, hata kama ni zuri.

Sisemi kwamba hoja ya kuhifadhi ni ya kijinga. Karatasi ya gazeti inajimaliza yenyewe, ile rangi ya chai ni karatasi inaungua polepole kwa mwanga na joto, na kila ukikunja inavunjika kidogo. Skana yuko sahihi kwamba zinakufa. Ila kuna njia yake, unaanza na mwenye karatasi, unakwenda kwa wenye kazi, ukikwama kuwapata kuna COSOTA ambao kazi yao ndiyo hakimiliki, unaomba, unaandikiana, na unaskani na penseli humo humo, na duara la kikombe humo humo. Inachosha kuliko kufungua channel ya Telegram, najua.

Kwa yale 12 sasa hivi, kabla ya kwenda, usifanye lolote. Usiwe na kiherehere cha kuyatengeneza ili aone yako mazuri. Usipige stepla, na selotepu ndo usithubutu kabisa, gundi yake baada ya miaka inageuka njano inakula karatasi na hakuna wa kuitoa. Ukifika muulize mzee kama anapenda yashonwe, uzi wa pamba kupita kwenye matundu yaleyale ya pini za zamani, fundo laini katikati, hata nesi anaweza kazi hiyo ameshona watu. Akisema anashona mwenyewe mpe uzi. Na hilo boksi huko kwake lisikae chini, liinuliwe juu ya stuli au kabati la chuma mbali na ukuta, lisipigwe na jua, na yasifungwe kwenye nailoni ikabanwa. Kwa karatasi ukame wetu wa Dodoma ni afadhali kuliko unyevu wa Dar, adui wa huku ni mchwa na vumbi, kwa hiyo kikundi kikitaka kutumia ile elfu mbili mbili yenu kwa jambo la maana, mnunulieni dawa ya mchwa na mtu wa kuja kuipiga, nyumba nzima sio chumba cha boksi tu. Hiyo ndiyo shida pekee aliyowahi kuwaambia, na jibu lenu lilikuwa kuchukua magazeti mkamwachia mchwa.

Skana mumfukuze? Mimi nasema bado. Wanaotaka afukuzwe leo hii, waulize ni wangapi walilisoma lile faili, na wangapi walimwambia kaka kazi safi. Mkimtoa yeye mtarudi Nyerere Square mkiwa mmetakata, na alamu yenu mfukoni. Arudishe hela kwanza, hilo halina mjadala na lina tarehe, mwisho wa mwezi huu. Asipewe tena kitu cha mtu mwingine kushika. Baada ya hapo suala lake mliweke kiporo mpaka mzee aseme neno lake, na kama mzee hatasema, basi amueni wenyewe mkiwa mmepoa. Kijana ana mikono mizuri na tamaa ya elfu tatu, nimeona wabaya zaidi ya huyo. Lakini hilo la kumtetea kwa sababu ni rafiki yako liache, wiki mbili zako zilitokana na hapo.

Na nusu ile nyingine, wanaosema tumshukuru, waambie hivi, siku wakichora cha kwao usiku kucha halafu wakikute kwa buku tatu kwenye simu ya mtu, watanitafuta. Nitakuwepo.

Sitakuahidi kwamba mzee atarudi kwenye kikundi. Anaweza kupokea boksi, akasema ahsante, akafunga mlango, na hiyo ni haki yake, usimpigie pigie simu wala usimtumie mjukuu kumbembeleza. Ukiondoka hapo bila boksi na bila mzee utakuwa umepoteza ulichostahili kupoteza. Hiyo alamu yenu lakini izimeni, arudi asirudi.

Ila kama atakukaribisha chai. Wazee wa reli ninaowajua hawawezi kukuacha ukae kavu hata wakiwa wamenuna. Chai ikija na boksi liko wazi mezani, chukua lile lililoandikwa Saranda, mwonyeshe penseli, muulize pale treni ilikuwa inasimama dakika ngapi. Halafu nyamaza, na simu iwe kwenye mkoba. Habari ya treni za usiku usiiguse wewe, ataileta mwenyewe akitaka.

Shangazi